Mtego Uliotulia na Mtego Unaotembea

Chukua kipande cha galiamu asenidi, kijivu, king'aacho kama kioo, ambacho tayari umekipima na kuthibitisha kwamba umeme ndani yake unabebwa na elektroni. Kioshe, kitie kwenye bomba la kwatsi, kichome kwenye tanuri kwa saa kadhaa, kisha kiache kipoe. Hukuongeza kitu chochote. Ukikipima tena, kimegeuka: sasa umeme unabebwa na mashimo, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, kana kwamba tanuri limekupokonya kipande chako na kukupa cha mtu mwingine. Jambo hili liliwasumbua sana watafiti wa mwanzo wa galiamu asenidi, na mara nyingi mkosaji alipotafutwa alikuwa yule yule: shaba. Hakuna aliyeitia. Ilikuwa imebaki kwenye ukuta wa bomba, kwenye kibanio, kwenye maji ya kuoshea, na moto ukaifungulia mlango. Ndiyo maana maabara ziliingiza hatua ya kusuuza vipande kwa sianidi ya potasiamu, sumu kali inayoogopwa na kila mtu, ili tu kuitoa shaba iliyoganda juu kabla joto halijaipeleka ndani.

Kisa hiki cha shaba kina mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kina. Atomi ya shaba ndani ya galiamu asenidi hufungua ngazi mbili za nishati, moja ikiwa karibu elektronivolti 0.14 na nyingine 0.44 juu ya ukingo wa chini wa pengo la nishati nitakalolieleza punde, na kinachonasa kwenye ile ya pili hakitoki upesi. La pili ni mwendo: shaba haikai mahali. Vitabu na orodha za kitaalamu zimejaa hilo la kwanza. Zinakupa kina cha kila metali hadi desimali mbili. La pili husukumwa pembeni. Naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Shahidi wangu ni historia ya semikondakta ambatani, zile zinazoundwa na elementi mbili au zaidi: galiamu na aseniki, indiamu na fosforasi, galiamu na nitrojeni.

Kwanza tuelewane kuhusu kina. Katika fuwele, elektroni haina uhuru wa kuwa na nishati yoyote itakayo. Kuna bendi ya chini iliyojaa, kuna bendi ya juu ambamo elektroni hutembea huru, na katikati kuna pengo lisilo na makazi. Kwa galiamu asenidi pengo hilo ni elektronivolti 1.42, kwa galiamu nitridi ni 3.4. Fundi anapotaka fuwele ipitishe umeme huikoleza, kama mpishi anavyokoleza mchuzi kwa chumvi: anatia silikoni kidogo, na kila atomi ya silikoni iliyokalia kiti cha galiamu inaleta elektroni moja ya ziada. Elektroni hiyo imeshikwa kwa nguvu ndogo mno, elektronivolti 0.006 tu. Joto la chumba peke yake hutoa nishati ya kama 0.026. Kwa hiyo elektroni hukatika na kwenda zake.

Metali kama kromiamu, chuma na vanadiamu haziko hivyo. Elektroni zake za nje hazizururi mbali na kiini. Elektroni ya ziada ya silikoni husambaa hadi nanomita kama 10 kutoka kwa mwenyewe, ikipita juu ya maelfu ya atomi za jirani, lakini elektroni za kundi la d za chuma hubaki zimekumbatia kiini. Ngazi ya nishati inayotokea huangukia popote ndani ya pengo, na mara nyingi karibu na katikati. Huo ndio mtego, na umbali wake kutoka ukingo wa bendi ndio kina chake. Mtego wenye kina cha elektronivolti 0.75 una nguvu mara 29 ya joto la chumba, na kwa kuwa kutoroka hupungua kwa kuzidishana, si kwa kujumlishana, tofauti kati ya silikoni na mtego kama huo huingia kwenye matrilioni.

Mwaka 1952 William Shockley na William Read, na kando yao Robert Hall wa General Electric, walieleza kinachofuata. Mtego ulio karibu na ukingo mmoja hunasa, kisha huachia. Ulio katikati ya pengo huishika elektroni kutoka juu na, kabla haijatoroka, shimo linafika kutoka chini, na wawili hao wanafutana. Ni mtego wa panya hasa: huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Katika taa ya LED, elektroni na shimo walipaswa kukutana wenyewe na kutoa chembe ya mwanga. Wakikutania kwenye mtego, nishati yao hugeuka joto. Umeme umelipiwa, mwanga haukutoka.

Na kiasi kinachotosha kuharibu ni kidogo cha kutisha. Sentimita moja ya ujazo ya galiamu asenidi ina atomi 4.4 × 10²². Mitego 10¹⁵ ndani yake ni mtego mmoja kwa kila atomi milioni 44. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, basi fikiria mtu mmoja katika nchi nzima, na huyo mmoja anatosha kuathiri namna kifaa kinavyofanya kazi. Ukiyatazama mambo hivyo, dawa inaonekana wazi: safisha. Nunua galiamu ya saba tisa, asilimia 99.99999, vaa glavu, chuja maji, funga mlango.

Lakini usafi haufiki popote pale tunapouhitaji zaidi, na hapa ndipo uchambuzi wa kawaida hukosea. Chini ya kila transista ya masafa ya redio kuna bamba la kuibeba, na bamba hilo lazima lisipitishe umeme, la sivyo ishara huvujia chini. Galiamu asenidi iliyo safi kabisa ingekuwa kihami kizuri: katika joto la chumba ingebaki na elektroni huru milioni 2 tu kwa sentimita ya ujazo. Ila ili ubaki na hizo milioni 2, uchafu wote unaotoa elektroni ungepaswa kuwa chini ya idadi hiyo, yaani chini ya atomi moja katika 10¹⁶. Ile galiamu ya saba tisa bado ina nafasi ya uchafu mara bilioni zaidi ya hapo. Hakuna tanuri duniani litakalotufikisha huko.

Njia iliyopatikana ni kuukaribisha mtego. Mwaka 1964 Cronin na Haisty walichapisha namna ya kutengeneza galiamu asenidi inayokaribia kuwa kihami kwa kuikoleza na kromiamu. Ngazi ya kromiamu iko karibu na katikati ya pengo. Silikoni iliyotoka kwenye chungu cha kwatsi inamwaga elektroni zake bila kukusudiwa. Kromiamu inazimeza moja moja, na kwa kuwa imewekwa zaidi ya silikoni, hakuna inayobaki huru. Ukinzani wa bamba unapanda hadi ohmu-sentimita milioni 10, milioni 100 na zaidi. Sifa ile ile inayoua taa ndiyo iliyofanya bamba liwezekane. Kilichobadilika ni mahali mtego ulipowekwa.

Miaka kama 15 hivi kromiamu ilikuwa mfalme. Kisha mafundi wakaanza kutengeneza transista kwa kufyatulia ioni za silikoni moja kwa moja ndani ya bamba, na kila mara baada ya kufyatua walilazimika kuchoma bamba kwa nyuzi 850 hivi za Selsiasi ili fuwele ijiponye. Katika moto huo kromiamu ikaondoka. Ilisogea kuelekea juu ya bamba, ikajilundika sehemu moja na kupungua nyingine. Transista mbili zilizokaa jirani juu ya bamba moja zikatoka na tabia tofauti, na bamba la leo halikufanana na la jana. Kina cha kromiamu hakikubadilika hata kidogo. Kilikuwa kile kile cha 1964. Kilichoiondoa kwenye kiti ni miguu yake.

Mrithi wake hakuwa metali. Uingereza, maabara ya utafiti wa rada iliyokuwa Malvern ilikuwa imeendeleza tangu miaka ya 1960 njia ya kuvuta fuwele kutoka kwenye uji wa galiamu na aseniki uliofunikwa kwa tabaka la oksidi ya boroni iliyoyeyuka, ili aseniki isipae. Baadaye chungu cha kwatsi kikabadilishwa kwa cha boroni nitridi, na silikoni ikakatika. Fuwele zilizotoka hapo zilikuwa karibu vihami bila kukolezwa na chochote. Ndani yake mlikuwa na mtego mmoja mkubwa, kina chake karibu na katikati ya pengo, wingi wake 10¹⁶ hivi kwa sentimita ya ujazo. Mwaka 1977 Martin, Mitonneau na Mircea, waliokuwa katika maabara ya LEP nchini Ufaransa, waliuorodhesha kwa jina la EL2: E ya elektroni, L ya maabara yao.

Kwa muda mrefu oksijeni ilisingiziwa. Kila EL2 ilipoonekana, watu walisema oksijeni imeingia. Mwaka 1979 vipimo vikaonyesha kuwa wingi wa oksijeni na wingi wa EL2 haviendi pamoja, na kisha ikadhihirika kwamba ukizidisha aseniki kwenye uji, EL2 huongezeka. Picha iliyokubalika ni atomi ya aseniki iliyokalia kiti cha galiamu: mwenyeji wa nyumba aliyekosea chumba. Na ina tabia ya ajabu. Ipooze chini ya nyuzi 120 hivi za Kelvini, imulike kwa mwanga wa infraredi ya karibu, nayo inatoweka kwenye vipimo, isionekane kabisa, mpaka upashe fuwele joto tena. Maelezo yanayoaminika ni kwamba atomi ile husogea kutoka kwenye kiti chake kwenda kwenye uwazi wa jirani, kisha hurudi.

EL2 haikushinda kwa kina, maana kinakaribia cha kromiamu, wala kwa idadi, maana haikuwa kubwa. Ilishinda kwa sababu ni sehemu ya fuwele yenyewe, na moto ule wa baada ya kufyatua ioni hauisombi kuipeleka juu ya bamba kama ulivyoisomba kromiamu. Bado inahitaji msaidizi: kaboni kidogo, 10¹⁵ hivi, inayopokea elektroni chache kutoka kwenye EL2 ili usawa wa nishati ukwame katikati ya pengo. Kaboni nayo ni uchafu. Bamba linalosifiwa kuwa halikukolezwa limesimama juu ya kasoro moja na uchafu mmoja vilivyopimwa vizuri, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Vimepimwaje? Hili linastahili kutazamwa kwa karibu, maana bila kipimo hiki yote niliyosema yangebaki maneno. Kipande cha fuwele kidogo kuliko ukucha huwekewa juu yake doa la metali la milimita moja hivi. Doa na fuwele pamoja ni diodi. Huteremshwa hadi nyuzi 77 za Kelvini, joto la nitrojeni ya majimaji. Volti ya kinyume huzifukuza elektroni kutoka chini ya doa. Kisha volti inaondolewa kwa kitambo kifupi, elektroni zinarudi mbio na mitego inajaa. Volti inarudishwa, elektroni huru zinakimbia tena, ila zilizonaswa zinabaki. Sasa unasubiri. Moja moja zinatoka, na kila inapotoka, kapasitansi ya diodi inapanda kidogo sana. Kwa nyuzi 77 mtego mrefu hautoi kitu. Pasha taratibu. Kwa EL2, joto la chumba bado ni baridi: elektroni hukaa sekunde kama 20 kabla ya kutoka. Ukifika nyuzi 400 za Kelvini, inatoka kwa milisekunde chache.

Mwaka 1974 David Lang wa Bell Laboratories aliona kwamba ukichukua kapasitansi kwa nyakati mbili maalumu baada ya volti kurudi, ukatoa moja kutoka kwa nyingine, na ukachora tofauti hiyo dhidi ya joto, kila mtego unajitokeza kama kilima chake. Penye ubaridi hakuna mabadiliko, tofauti ni sifuri. Penye joto sana kila kitu kimeshatoka, tofauti ni sifuri. Katikati, mahali mwendo wa kutoka unapolingana na saa yako, kilima kinasimama. Badilisha saa, kilima kinahama, na uhamaji huo unakupa kina. Njia hii huona mtego mmoja kwa kila atomi 10,000 za kukolezea, hata chini ya hapo. Karibu kila jedwali la mitego tulilonalo limetoka kwenye vilima hivyo.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: kilima hakina jina. Kinakwambia kina na uroho wa kunasa, hakikwambii ni chuma au ni nikeli. Kosa la kuisingizia oksijeni lilizaliwa hapo. Jawabu zuri kuliko yote niliyoyajua lilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kabidi ya silikoni. Achtziger na Witthuhn walipachika ndani ya fuwele atomi zenye mnururisho, mojawapo kromiamu-51, ambayo kila siku 27.7 nusu yake hugeuka vanadiamu. Wakapima, wakasubiri, wakapima tena. Kilima kinachoshuka kwa mwendo huo huo wa kalenda ni cha kromiamu; kinachopanda badala yake ni cha vanadiamu. Atomi zenyewe zilitaja majina yao.

Turudi kwenye mwendo. Indiamu fosfidi ndiyo mzazi wa leza za mkonga wa mawasiliano, zinazotoa mwanga wa mikromita 1.3 na 1.55; nyaya za baharini zilizotua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 husafirisha mwanga wa ukoo huo. Indiamu fosfidi haina EL2 yake. Ili iwe kihami hukolezwa na chuma, ambacho ngazi yake iko kama elektronivolti 0.65 chini ya bendi ya juu, katika pengo la 1.34, karibu kabisa na katikati. Na chuma hicho hukaa kimya, mpaka kikutane na zinki. Katika leza zilizozungushiwa ukuta wa indiamu fosfidi yenye chuma, tabaka la jirani hukolezwa kwa zinki. Zinki inapenya kwenye ukuta, inakisukuma chuma kitoke kwenye kiti chake, chuma nacho kinaelekea upande wa zinki. Ukuta unaanza kuvuja. Ndiyo sababu watafiti wamejaribu rutheniamu, metali isiyobadilishana viti na zinki kwa urahisi. Kwa hiyo hata utulivu si sifa ya metali peke yake, inategemea majirani.

Kabla sijafika kwenye nitridi, niseme neno la haki kwa kina. Mwaka 1985 Jerzy Langer na Helmut Heinrich walionyesha kwamba ukipanga semikondakta ambatani mbalimbali kwa kulinganisha ngazi ya metali ile ile, chuma kwa chuma, tofauti zinazobaki kwenye kingo za bendi zinakaribia zile zinazopimwa pale semikondakta mbili zinapounganishwa. Ngazi ya metali haijali sana ukingo wa jirani. Imetulia kama alama ya kina cha maji kwenye gati. Sijui matokeo mengi katika taaluma hii yaliyo mazuri kama hayo. Kina kinatufundisha fizikia. Kifaa kinadumu au hakidumu kwa sababu nyingine.

Galiamu nitridi imeleta swali lote upya, safari hii kwenye chaja ndogo za simu, rada na minara. Transista zake hukuzwa juu ya bamba la kigeni, na tabaka la chini lazima liwe kihami. Mwaka 2002 Heikman na wenzake huko Santa Barbara, California, walilikoleza kwa chuma kinachobebwa na mvuke wa ferosini. Kikafanya kazi. Lakini ukifungua valvu ya ferosini, chuma kinaingia; ukiifunga, hakikomi. Kinaendelea kupanda na tabaka linalokua, kinabaki usoni, kinazikwa kidogo kidogo. Kikifika karibu na njia ambamo elektroni za transista hupita, kinazinasa pale volti kubwa inapozisukuma, na inapotakiwa transista iwake tena, mkondo unakuja pungufu, kisha unarejea polepole elektroni zinapoachiwa. Mwaka 2016 mahesabu ya kinadharia yalionyesha pia kwamba chuma ndani ya galiamu nitridi ni mfutaji hodari wa elektroni na mashimo, kuliko kina chake kilivyodokeza, kwa sababu ngazi zake za ziada hurahisisha kunasa. Kwa hiyo mabaki machache ya chuma kwenye taa si jambo la kupuuzwa.

Transista za chaja mara nyingi hutumia kaboni badala ya chuma. Nayo ina mitego yake, tena mirefu zaidi, inayochukua muda mrefu kuachia. Kabidi ya silikoni ilipita njia ile ile: vanadiamu ilitumika kuifanya kihami, transista zikalegea kwa sababu ya mitego yake, watengenezaji wakageukia fuwele zinazojizuia kwa kasoro zao wenyewe. Ni hadithi ya kromiamu na EL2 iliyosimuliwa kwa metali nyingine.

Kwenye paneli za jua za kadmiamu teluridi, shaba ile ile ya mwanzo hutiwa kwa makusudi nyuma ya paneli ili mguso wa umeme uwe mzuri, na kwa miaka ya jua kali husafiri kuelekea kwenye maungio na kuyadhoofisha. Hall na Racette walikuwa wamechapisha mwaka 1964 jinsi shaba inavyokimbia ndani ya germaniamu, silikoni na galiamu asenidi, kwa kupenya kwenye nafasi kati ya atomi bila kungoja kiti. Hall huyo ndiye yule wa 1952, na ndiye aliyewasha leza ya kwanza ya galiamu asenidi mwaka 1962. Mtu aliyeeleza mtego unavyoua mwanga ndiye pia aliyepima jinsi mojawapo ya mitego hiyo inavyotembea. Natamani wote waliotunga majedwali baada yake wangeziweka safu hizo mbili kando kwa kando: kina, na mwendo kwa joto la kazi.

Kwa sasa wakuzaji wa galiamu nitridi wanajibu kwa umbali. Wanafunga valvu ya chuma mapema, wanaendelea kukuza tabaka safi kwa mamia ya nanomita huku chuma kinachong'ang'ania usoni kikipungua, na juu ya hapo ndipo wanapoweka njia ya elektroni. Wakiweka karibu mno, mtego unafika kwenye njia. Wakiweka mbali mno, tabaka safi lenyewe linaanza kuvuja, na transista haizimiki sawasawa.